Mitungi Yangu na Moyo wa Baba Yako

Fidelis mwanangu,

Umetoka sasa hivi kwenda kuwaaga wenzako, na baba yako yuko zizini anafungia ng'ombe. Nimepata nafasi. Nimevuta kigoda mpaka mlangoni mwa jiko ili nipate mwanga kabla jua halijazama, na karatasi nimeiweka juu ya ungo. Mwandiko ukiwa mbaya, laumu ungo.

Sitakuandikia habari za kufua shuka wala za kula kwa wakati. Hayo nimekuimbia wiki nzima mpaka jana ukaniambia, "Mama, naenda Dodoma kufunga nyaya za umeme, siendi vitani." Hata sweta sikulazimishi tena, maana wanasema huko hakuna baridi kama ya kwetu. Kuna jambo jingine, ambalo nikilisema kwa mdomo nitalia, na wewe ukiniona nalia utajibu "ndiyo Mama, ndiyo Mama" ili ninyamaze tu. Ndiyo maana naandika.

Siku ya Krismasi ulirudi jioni ukaniwekea mkono begani, nikaisikia harufu ya pombe. Hukuleta fujo. Ulimwamkia baba yako vizuri, ukala, ukaosha sahani yako mwenyewe, ukaenda kulala. Mama mwingine angeshukuru Mungu kwa kijana mwenye adabu. Mimi nilibaki nimeshika mwiko, kwa sababu baba yako naye alikuwa anakunywa vilevile, kwa adabu.

Humkumbuki vizuri enzi zake, maana ulikwenda bweni ungali mdogo. Alikuwa fundi mwashi ambaye watu walimfuata kutoka mbali. Nyumba nyingi za bati unazoziona ukitoka hapa kwenda Kaengesa, kuta zake zimepita mikononi mwake. Asubuhi kabla ya kwenda kazini alikunywa kopo moja kupasha mwili. Mchana akanywa na wenzake wa kazi. Jioni akapita kilabuni au akanywa hapa nyumbani. Hakupigana, hakutukana mtu, hakulala mtaroni hata siku moja. Unga ulikuwepo. Jumapili alisimama kwaya akaimba sauti ya nne, na waliokaa karibu naye walisema benchi lilikuwa linatetemeka. Nani angemwita mlevi? Hata mimi sikumwita hivyo, na mpaka leo simwiti.

Na pombe niliipika mimi. Hilo unalijua, ada ya shule yako ilitoka humo. Nilifundishwa na mama yangu: kuloweka ulezi mpaka uote, kuuanika, kuusaga kimea, kupika, kuchachua, kuchuja. Nyumba yetu ilinukia kimea mwaka mzima. Kila mtungi ulipoiva, nilichota wa kwanza nikamwekea baba yako pembeni kabla wateja hawajafika. Kwangu ile ilikuwa njia ya kumwambia mume wangu kwamba nampenda. Watu wanasema pombe ya ulezi ni chakula. Mimi nilikuwa wa kwanza kusema, maana ndiyo niliyokuwa nauza.

Ulikuwa umeanza sekondari alipokwenda kujenga Matai, akarudi ukuta haujaisha. "Nimechoka tu," alisema. Baba yako hakuwa mtu wa kuacha ukuta. Halafu nikaanza kuona mengine. Tukitoka mtoni kupandisha huku nyumbani, alikuwa anasimama katikati ya njia akijifanya anatazama ng'ombe wa watu. Usiku aliomba mto wa pili, halafu akakunja blanketi akaliweka chini ya mito, mwisho akawa analala ameketi kwenye kiti, kwa sababu akijilaza alikuwa kama mtu anayezama. Viatu vya kanisani vikakataa kuingia. Nikimbonyeza muundi kwa kidole, shimo linabaki palepale, kama umebonyeza unga uliokandwa.

Tulipima kifua kikuu, hakuna. Basi majirani wakatuambia wanachojua wao, kwamba huko Matai kuna fundi mwenzake amemwonea wivu akamfanyia mambo. Tukaenda kwa mganga, mwanangu. Akachanjwa kifuani. Wiki zikapita. Na wakati wote huo, kwa vile ugali ulikuwa haupiti tena, mimi niliona bora nimpe kitu cha kumtia nguvu. Nilikuwa namnywesha pombe ile kwa mkono wangu, kidogokidogo, kama mtu anavyomnywesha mgonjwa uji. Akimaliza nafurahi.

Aliyetuokoa ni Mzee Salumu, yule mwenye duka mjini aliyekuwa anakuja na lori kununua maharage. Aliingia uani kupima magunia, akamwona baba yako kwenye kiti anavyovuta pumzi. Akaacha mizani.

"Mama Skola, huyu ana muda gani hivi?"

"Ni mambo ya watu tu, Mzee. Tunamshughulikia."

"Mambo ya watu yatasubiri. Huyu si wa kukaa nyumbani. Mpandisheni mbele, magunia nitayafuata siku nyingine."

Hospitali ya Sumbawanga tulimkuta daktari wa kike, kijana, wa umri kama wa dada yako. Alimwambia baba yako "shikamoo mzee," akamlaza kwa ubavu, akampaka mafuta ya baridi kifuani, akapitisha kitu kile cha kupimia huku anatazama kioo. Alitazama muda mrefu. Kisha akauliza, "Mzee, unatumia pombe?"

Kabla baba yako hajafungua mdomo, nikajibu mimi. "Kawaida tu, daktari."

"Kawaida ni kiasi gani, mama?"

Mimi ninayeuza kwa kipimo, nikakosa kipimo. Baba yako ndiye aliyesema, polepole, maana pumzi ilikuwa haitoshi: "Daktari, mimi siikumbuki siku ambayo sikunywa."

Hakutufokea. Aligeuza kioo kile tukauona moyo wenyewe unavyocheza. Akasema moyo mzima unajikunja kama ngumi na kujikunjua, damu inasukumwa inakwenda. Wa baba yako ulikuwa umetanuka, misuli imelegea, kama mfuko uliovutwa mpaka hauna nguvu ya kurudi. Damu haisukumwi inavyotakiwa, maji yanabaki, yanajaa miguuni na kwenye mapafu. Ndiyo maana alikuwa anazama akilala.

Nikamwambia, "Lakini daktari, huyu hajawahi hata kulewa. Na si gongo, ni pombe ya ulezi. Ni chakula."

"Mama, kinacholevya ni kilekile. Moyo hauangalii kimetoka kwenye mtungi au kwenye chupa. Na hauangalii kama mtu ni mpole au mkorofi."

Alisema hawezi kuapa kwamba ni pombe peke yake. Presha yake nayo ilikuwa juu, na yapo magonjwa mengine yanayoweza kuuharibu moyo. Lakini pombe ya kila siku, miaka na miaka, inaudhoofisha msuli wa moyo, na presha yenyewe inaipandisha. "Hii ndiyo sababu ninayoiona," alisema, "na hii ndiyo unayoweza kuiondoa, mzee. Ipo mioyo inayorudi. Si yote, na si kama mwanzo. Lakini haurudi ukiwa bado unanyweshwa."

Neno hilo la kunyweshwa hakulisema kwa ajili yangu. Hakujua. Lakini mimi nilitoka nje.

Walimlaza. Siku za kwanza alitetemeka na kutokwa jasho, daktari akasema mwili uliozoea pombe kila siku ukinyimwa ghafla hufanya hivyo, ni vizuri yuko mikononi mwao. Akapewa dawa za kutoa maji na za kuusaidia moyo, akaambiwa apunguze chumvi. Tulirudi nyumbani baba yako amebaki mifupa, ila analala chali. Nilikuwa naamka kumsikiliza tu anavyopumua.

Akapata nafuu kweli. Akaanza kukata kuni, akarudi kwaya. Ungefikiri mimi nilitupa mitungi. Sikuitupa. Niliihamishia kwenye kile kibanda cha nyuma nikaendelea kupika. Nilijiambia ni ya wateja, na yeye ni mtu mzima, na ada yako itatoka wapi. Siku ya kuchuja, baba yako alikuwa anaondoka anakwenda kukaa shambani katikati ya mahindi mpaka nimalize. Siku moja aliniambia, "Mama Skola, sikulaumu. Lakini harufu ile ikianza, mate yananijaa mdomoni."

Nikamjibu, "Jikaze."

Basi, hilo tu. Nikaendelea kuchuja.

Sasa nakuja kwenye lile ambalo wewe hulijui kabisa. Harusi ya dada yako Skola ulikuwa kwenye mitihani, hukuja. Baadaye tukakuambia baba aliumwa malaria. Haikuwa malaria.

Watu walikuja wengi na pombe niliipika mwenyewe, na ninaweza kusema bila aibu kwamba sijapika tena pombe nzuri vile. Kila aliyeonja alinisifu. Ulipofika wakati wa baba kumbariki binti yake, wazee wakaona baba yako ameshika chupa ya soda. Wakaanza kucheka. "Oswadi, unambariki mtoto kwa Fanta? Atazaa watoto wa rangi gani?" Watu wote wakacheka. Si kwa ubaya, harusini watu wanacheka. Baba yako naye alicheka, halafu akanitazama mimi.

Alikuwa ananiomba, Fidelis. Nilimwelewa vizuri sana. Neno moja kutoka kwangu lingetosha, ningesema daktari amemkataza, na wazee wangenung'unika wakanyamaza. Lakini macho ya watu yalikuwa kwangu, na mtungi ulikuwa wangu, na nilikuwa nimeshiba sifa. Nilichota mimi mwenyewe. Nikampelekea. Nikamwambia, "Kidogo tu, Baba Skola. Usiaibishe watu."

Akanywa. Watu wakapiga vigelegele.

Kesho yake ndugu walikuwa bado wapo, akanywa nao. Na kesho yake tena. Alikuwa amechangamka kama zamani, anasimulia habari za Matai, watu wanashika mbavu. Mimi nilikuwa napita na masahani nikamwona, nikajiambia, mbona mzima?

Wageni wa mwisho walipoondoka alikaa kwenye kile kizingiti cha nje. Akaniita. "Mama Skola, moyo wangu unakimbia peke yake." Akauchukua mkono wangu akauweka kifuani. Mwanangu, halikuwa pigo la moyo lile. Vilikuwa vitu vinarukaruka bila mpango, kama bisi kwenye sufuria. Nikiwa bado sijatoa mkono, akainama upande, macho yakageuka.

Gari la Mzee Salumu lilikuwa limekuja kuchukua viti na turubai. Vijana wakashusha viti wakampandisha yeye. Njiani alizinduka, kichwa chake kiko mapajani kwangu, vumbi linaingia kila mahali. Nilidhani ataniuliza kwa nini. Akasema, "Skola asijue. Msimharibie harusi." Ndipo mkaambiwa malaria, nyote wawili.

Tulimkuta daktari yuleyule. Walihangaika naye mpaka mapigo yakatulia. Alipotoka nje, nilikuwa kwenye benchi nikajiambia leo sitaficha. Nikasimama. "Daktari, ni mimi niliyempa. Kwa mkono wangu. Na mimi ndiye ninayepika."

Nilitaka anifokee. Ningepumua. Badala yake alikaa pale kwenye benchi, akaniambia nikae. Alikuwa amechoka, unamwona. "Nyumbani kwetu nao wanapika, mama," alisema. Halafu akanieleza kwamba hata mtu asiyekunywa kila siku, akinywa sana kwa siku chache mfululizo, mapigo yanaweza kuvurugika namna ile, na kwamba damu inayozubaa ndani ya moyo unaotetemeka inaweza kuganda ikapanda kichwani, mtu akapooza. Baba yako ilimpita karibu sana.

Sikuvunja mtungi hata mmoja niliporudi. Huwa nasikia watu wakisimulia mambo hayo kanisani, wamevunja, wamechoma. Mimi mitungi miwili niliweka maji, mingine nikahifadhia maharage, ndiyo hiyo unayoiona. Nikalima alizeti, nikafuga nguruwe. Mwaka ule ulikuwa mgumu. Ndio mwaka uliokaa nyumbani muhula mzima kwa ajili ya ada, ukaninunia, ukidhani Mama amekuwa mvivu wa kupika. Ulikuwa na haki ya kununa, hakuna aliyekuambia. Leo ndio nakuambia ule muhula wako ulikwenda wapi. Ulikwenda kwa baba yako.

Na upweke, hakuna aliyetuambia kwamba utakuwepo. Wale waliokuwa wanajaza ua huu jioni walipita njia ya juu wasije wakaona haya. Baba yako alikuwa anakaa nje anasikia vicheko vyao kule kilabuni. Mmoja tu, yule fundi mwenzake Kristofa, alianza kuja, akawa anakunywa chai, analalamika kwamba chai yangu haina sukari, anakuja tena kesho. Namheshimu mtu yule kuliko anavyojua.

Daktari anasema moyo umepungua kutanuka. Haujarudi wa zamani. Hawezi kuchanganya zege, na kwenda kanisani anasimama mara mbili njiani, siku hizi hajifanyi anatazama ng'ombe, anasema tu, "Ngoja nipumzike." Vidonge anakunywa kila asubuhi. Yupo. Namsikia hapo zizini anavyogombana na yule dume mweusi.

Sasa wewe. Nitasema mara moja, kwa uwazi, nisirudie: ningependa usinywe. Lakini wewe ni mtu mzima na Dodoma sitakuwepo, na barua hii si kamba ya kukufungia. Mtamaliza kazi Ijumaa, wenzako watasema twende tukapoze koo, na wengi wao watakuwa watu wazuri. Pombe yetu nayo ilikuwa na watu wazuri. Nilichotaka tu ni ukijue kile ambacho sisi hatukukijua. Moyo haulii mapema. Tumbo likiuma unalisikia, jino unalisikia, moyo unavumilia kimyakimya miaka, na wewe unaona mbona mzima. Watakuambia bia inasafisha figo, mvinyo unaimarisha moyo. Nilimuuliza daktari hilo, maana hata mimi nilitamani liwe kweli. Akasema hakuna mtu anayepaswa kuanza kunywa kwa ajili ya moyo wake. Ukianza kukosa pumzi kwenye ngazi, au moyo kurukaruka baada ya sikukuu, usiite uchovu. Nenda.

Na mtu akikuambia hanywi, mwache. Usimcheke, usimbembeleze, usimuulize kwa nini. Huwezi kujua amebeba nini kifuani.

Limebaki moja, nalo ndilo lililonifanya niandike leo badala ya kukutumia ujumbe kwenye simu ukishafika. Umeshangaa kwa nini baba yako ameng'ang'ania kukusindikiza kesho mpaka mjini, na kwa nini tumekukatia tiketi ya keshokutwa ili mlale kwa Skola. Amekuambia anakwenda kununua misumari. Hakuna misumari. Kesho ni siku yake ya kliniki, na mara ya mwisho daktari alimwambia kwamba moyo wa namna hii wakati mwingine unatembea kwenye damu ya ukoo, wengine pombe inawaumiza upesi kuliko wenzao, kwa hiyo watoto wake wapimwe. Skola ameshakwenda, yuko salama. Umebaki wewe.

Wiki nzima baba yako anajaribu kukuambia. Juzi mlipokuwa mnatengeneza ule mlango wa banda, nilimsikia anaanza, "Fidelis, unajua..." halafu akakuomba nyundo. Jana usiku ameniambia, "Mwambie wewe." Anaona haya. Anaogopa utadhani anakulaumu, au kwamba amekurithisha ubovu.

Basi kesho mkishuka kwenye gari, atakuambia utangulie kwa dada yako, kuna mahali anapita mara moja. Usitangulie. Beba begi lako mfuatane. Kuna ngazi pale mlangoni, mshike mkono, atakataa, mshike tu. Ingia naye mpaka ndani, mwamkie yule daktari, mwambie wewe ndiye mtoto wa mwisho wa Mzee Oswadi. Na baba yako akimaliza kupimwa, akishuka kitandani anatafuta kandambili zake, wala usisubiri aanze kutafuta maneno. Vua shati lako, upande pale alipokuwa amelala.

Mimi mama yako,
Leokadia